Kulia na Kushoto: Miaka Niliyofundisha Kiingereza cha Kwanza Bwera

Mwezi uliopita niliacha kazi. Ithungu, mwalimu kijana aliyelipokea darasa langu, aliniomba nimwandikie yale ambayo hayamo katika kitabu cha mwalimu. Nilimwambia kwamba kitabu chenyewe nilikipata mwaka wangu wa nne kazini, kikiwa kimeliwa na mchwa nusu nzima, kwa hiyo karibu yote ninayoyajua hayamo kitabuni. Basi naandika, kwa ajili yake na kwa wengine watakaokuja. Mshahara siutaji, na vyeo havikuwahi kunisumbua. Nitaandika jinsi mambo yanavyonijia, na siku hizi yananijia kama ukungu wa asubuhi unaposhuka kutoka Rwenzori: kwanza unaona miguu ya watu, kisha vitambaa vyao vya kichwani, na nyuso zinakuja mwisho.

Sikusomea ualimu. Kwa miaka minane nilikuwa mpishi katika nyumba ya mhandisi wa Kizungu mjini Kasese. Yeye na mkewe waliporudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nami nilirudi Bwera, mpakani na Kongo, kwa kaka yangu, nikiwa mjane wa miaka thelathini na minane mwenye sanduku moja na Kiingereza cha jikoni. Nilijua jina la kila kitu kinachoweza kuungua. Nje ya mlango wa jiko, lugha ile ilinipita juu ya kichwa kama ndege wanaohama.

Wakati huo lilikuwa limeanzishwa darasa la watu wazima katika ukumbi nyuma ya kanisa. Aliyelifundisha ni Mwalimu Yosia, karani mstaafu, mtu mkavu asiyependa nyimbo darasani, ambaye mfukoni hakukosa kahawa ya kukaanga ya kutafuna. Sikio lake moja lilikuwa halisikii. Kwa sababu hiyo wanafunzi wake wote walisema Kiingereza kwa kupiga kelele, na hadi leo mtu wa Karambi, kijiji cha jirani, akikusalimu kwa Kiingereza utadhani mnagombana. Wanawake walikuwa wengi, naye alitaka mwanamke wa kumsaidia. Kaka yangu akanitaja.

Siku yangu ya kwanza Mwalimu Yosia alinikabidhi kikapu. Ndani yake mlikuwa na kikombe, kijiko, chupa, chumvi iliyofungwa katika jani, kufuli, sindano na uzi, sabuni, na sufuria ndogo isiyo na mpini.

"Mama Mbambu," aliniambia, "vitabu vyetu ndivyo hivi. Kwanza mtu ashike kitu. Akishakipima mkononi, ndipo umpe jina lake."

"Nikisahau jina?"

"Basi na wewe ukishike, usubiri. Litakuja."

Nilianza na kikapu chenyewe, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mkononi. Nikakiinua mbele ya wanawake kumi na wawili, nikasema kwa sauti: "Bucket." Wakaitikia. Tukarudia mpaka vumbi likashuka darini. Mwalimu Yosia alikuwa amekaa upande wa sikio lake baya, akitafuna kahawa na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ni wiki iliyofuata nilipokumbuka, nikiwa kisimani na ndoo kichwani, kwamba "bucket" nilikuwa nimeibeba na kwamba kikapu ni "basket". Nilisahihisha. Lakini wawili kati ya wale kumi na wawili hawakurudi tena darasani, na nadhani hadi leo wanachota maji kwa kikapu.

Darasa lilianza saa nane mchana, watu wakishatoka shamba na kula. Ndiyo saa ninayoikumbuka zaidi. Wingu lilikuwa likishuka taratibu mpaka madirishani, ukumbi unakuwa na mwanga wa maziwa, na wanawake, waliokuwa wamelima tangu alfajiri, wanakaa kwenye mikeka kati ya kulala na kuamka. Kikombe kinapita mkono kwa mkono. Sauti zinafuata, moja baada ya nyingine, cup, cup, cup, hata kitu chenyewe kinaanza kuonekana kigeni, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kunywa kitu. Bibi mmoja wa makamo alisema neno "bottle" linasikika kama jiwe dogo linapotumbukia majini. Tulilisema tena, sote, polepole, ili tulisikie jiwe. Mwingine hakutaka jina la kitu chochote cha kikapuni. Aliniuliza tu, "Nimechoka, wanasemaje?" Nikamwambia. Akalirudia mara moja, "tired", akajilaza ubavu, akalala usingizi hadi mwisho wa somo. Mwalimu Yosia alinikataza kumwamsha. Alisema huyo amelielewa neno kuliko wote.

Hivyo nilijifunza kazi, nikiwa mwanafunzi wa mbele kidogo tu ya wanafunzi wangu. Jioni nilikuwa nakwenda kwa Mwalimu Yosia kuchukua maneno matano, na kesho yake mchana nayagawa. Akiwa mgonjwa, yale matano yalitutosha wiki nzima. Sioni aibu kuyasema haya. Mtu aliyelipata neno jana anajua bado lilipomkwama.

Kisha vita vya Kongo vikatufikia. Watu walivuka mto Lhubiriha kwa mamia, wengine kwenye daraja, wengine majini penye kina kifupi, kutoka Beni, kutoka Butembo, wakiwa na godoro, mbuzi, cherehani, msalaba wa ukutani. Wengi walikuwa Wakatoliki, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa karibu sana na yetu. Hata majina yalifanana: sisi tunasema Kabugho, wao Kavugho, msichana wa tatu kuzaliwa.

Kavugho mmoja alikuja darasani kwangu siku ya soko. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke mrefu, na alisimama mlangoni bila kukaa.

"Mwalimu," alisema, "miye nilipoteza mutoto mu njia. Watu banasema iko kule Kasese, mu nyumba ya batoto. Nilienda. Ule madame alinikatalia."

Nilimkalisha, akanieleza yote. Usiku wa kukimbia, umati uliwatenganisha barabarani. Binti yake, Kahambu, wa miaka mitatu, alichukuliwa na watu wema waliompandisha lori pamoja na watoto wengine. Nje kidogo ya mji wa Kasese kulikuwa na nyumba iliyowapokea watoto waliopotea, chini ya mama mmoja wa Kizungu. Lakini muda mfupi kabla ya hapo mtu mmoja alikuja na mkalimani, mkalimani akamsemea kila kitu vizuri, mtoto akatolewa, na siku ya tatu mama halisi wa mtoto yule akafika. Tangu hapo mama yule wa Kizungu hakuamini mkalimani yeyote. Hakuonyesha mtoto kwanza, kwa kuwa watoto wale walikuwa na hofu na wangemkimbilia mtu yeyote anayesema lugha ya kwao. Aliyedai mtoto alipaswa kukaa na mama huyo peke yake na kumweleza jinsi mtoto alivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Na mama yule alijua Kiingereza tu.

"Na mtoto mwenyewe hawezi kusema jina lake?" nikauliza.

"Banasema tangu afike hajasema kitu. Hata kulia, halii."

"Unataka nikufundishe nini?"

"Maneno ya mutoto wangu," alisema. "Ingine sitaki."

Tulikuwa na siku tisa, kwa sababu lori la rafiki yake lingekwenda Kasese baada ya siku tisa. Mwalimu Yosia alinipa ruhusa nimfundishe peke yake asubuhi, na mchana akae na wenzake kwenye mikeka apate maneno ya kikapu kama kila mtu. Kavugho hakupenda hayo ya mchana. "Sufuria itanipa mutoto?" aliniuliza. Nikamwambia akae tu, ulimi uzoee.

Asubuhi tulikaa nyuma ya nyumba ya kaka yangu, kwenye viti viwili, tukitazamana. My girl. Three years. Small ears. Nguo aliyoivaa mtoto aliiita robe, kwa Kifaransa chake kidogo, na ilitugharimu asubuhi nzima kuibadilisha iwe "dress". Rangi ilikuwa ya bluu, na hapo Kifaransa kilitusaidia. Mtoto alikuwa na kovu gotini, mguu wa kushoto, kubwa kama jani la mharagwe. Kovu nililiuliza kwa Mwalimu Yosia, maana jikoni kwa mhandisi hatukuwa na neno hilo. Scar. Knee. Kisha nikainua mkono wangu wa kulia, nikasema "right", naye akainua wake. Nikainua wa kushoto, "left", naye akainua wake. Tulifanya hivyo kila asubuhi, mikono ikipanda na kushuka kama ya watu wanaocheza ngoma bila ngoma, na kila asubuhi niliona mkono wake uko sawasawa na wangu, nikaridhika.

Siku ya kumi tulipanda lori. Njia ya kwenda Kasese inashuka milima na kuingia katika tambarare, na joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Kavugho alikaa juu ya magunia ya kahawa akitazama nyasi. Swala walikuwa wamesimama mbali, wengi, hawatikisiki, na yeye alikuwa akiwaambia maneno yake kwa midomo tu, bila sauti. My girl. Small ears. Blue dress. Nilisinzia. Kila nilipofumbua macho nyasi zilikuwa zile zile na midomo yake bado inatembea.

Nyumba ya watoto ilikuwa na veranda ya saruji. Mama yule wa Kizungu alitusalimu kwa upole, akamwonyesha Kavugho aingie, na kwangu akaweka kiganja mbele: wewe subiri. Nilikaa kwenye veranda chini ya dirisha. Nilisikia kila neno.

Alisema vizuri. Msichana, miaka mitatu, masikio madogo, nguo ya bluu. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha akasema, "Scar. Right knee."

Mama yule akamuuliza tena, polepole, goti lipi. Kavugho akarudia kwa uhakika wote niliompa mimi: "Right knee."

Nilitazama mikono yangu juu ya mapaja. Nikainua wa kulia, nikaona kiti kile kingine nyuma ya nyumba ya kaka yangu, na Kavugho ameketi mbele yangu kama mtu katika kioo. Nilipoinua wa kulia, yeye alikuwa ameinua ule ulioelekeana na wangu. Siku tisa nilimfundisha kwamba kushoto ni kulia.

Ndani, daftari lilifungwa, na mama yule akasema kwamba anasikitika sana. Niliingia bila kuitwa. Kwa Kiingereza changu cha jikoni nilijaribu kueleza: kosa ni langu, mwalimu ni mimi, tulikaa hivi, mkono hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, bila hasira, kwamba mkalimani yule aliyemdanganya naye aliingia hivi hivi, na akaniomba nitoke. Nilitoka. Nikarudi verandani.

Kavugho hakuinuka kitini. Niliona kupitia dirisha. Alikuwa ameelewa kwamba kuna neno limeharibika, ila hakujua ni lipi. Akainama, akapandisha kitenge chake, akaweka kidole juu ya goti lake mwenyewe, la kushoto.

"Here," alisema. "My girl. Here."

Mama yule alitazama goti, akamtazama usoni. Akakaa tena. Akauliza swali moja, fupi, mara mbili: lile kovu alilipataje?

Hilo hatukuwa tumelifundisha. Niliona macho yake yakitembea sakafuni kama mtu anayetafuta sindano, na nikajua yuko wapi: yuko mchana kwenye mkeka, kikapu kinapita.

"Pot," alisema. Akasubiri. "Water. Hot." Akainua mkono wake mwenyewe mbele ya mama yule, ukiwa wazi. "My hand," alisema. "Not fire. Not girl. My hand."

Mama yule hakuandika kitu. Alikaa akiutazama mkono ule. Baadaye aliniambia kwamba watu waliokuja kudai watoto wa wengine walisema mengi, lakini hakuna aliyewahi kujishtaki. Akainuka, akaenda ndani.

Mtoto alitoka ameshikwa mkono, kavaa gauni jeupe la nyumba ile, masikio madogo kama alivyosema mama yake. Hakukimbia. Alisimama katikati ya chumba. Kavugho alichuchumaa. Mtoto akaja polepole, akashika pindo la kitenge, akalinusa. Akalishika kwa mikono yote miwili, akaendelea kunusa. Nilikwenda nikasimama mwisho wa veranda, nikatazama milima, ambayo siku hiyo ilikuwa imefunikwa yote, haionekani hata mmoja.

Njiani kurudi, lori liliposimama Muhokya, Kahambu alisema neno lake la kwanza. Alisema, "Njaa." Nikashuka kununua mahindi ya kuchoma, na muuzaji aliniuliza mbona ninalia kwa ajili ya mahindi.

Nilimwomba Kavugho msamaha jioni ile. Alisema, "Achana nayo, mwalimu. Ile sufuria niliyokataa ndiyo imenisaidia." Alikaa Bwera miaka kadhaa akiuza vitenge, na kwao kulipotulia akarudi na binti yake. Lakini tangu siku ile sikuwahi tena kukaa nikitazamana na mwanafunzi. Ithungu, hili ndilo ambalo halimo kitabuni: kaa ubavuni mwa mwanafunzi, nyote wawili mtazame upande mmoja. Ukifundisha darasa zima, wape mgongo unapoinua mkono. Watakucheka mwanzoni. Waache wacheke.

Miaka ya sabini ilianza na Mwalimu Yosia kufariki, kwa utulivu, akiwa na kahawa mfukoni. Nikabaki peke yangu. Kisha vitu vikaanza kupotea madukani. Sabuni ya kikapuni niliiomba radhi nikaipeleka nyumbani kufulia, na sukari ikabaki jina. Nilifundisha "sugar" kiganja kikiwa kitupu. Wanawake walitazama kiganja kile kwa makini, na baadhi yao, naapa, walilamba midomo. Watoto waliokuja migongoni mwa mama zao walilijua neno kabla ya kukijua kitu.

Siku moja askari aliingia na bunduki. Mikutano ilikuwa imekatazwa, na alikuwa amesikia sauti za watu wengi.

"Nyinyi nafanya mkutano gani hapa?"

"Si mkutano, afande. Ni darasa la Kiingereza."

"Kiingereza ya nini?"

"Ya kijiko, afande."

Alitazama kijiko mkononi mwangu. Tulijua watu waliochukuliwa kwa sababu ndogo kuliko kijiko. Yule askari alitafuta mahali kwenye mkeka wa nyuma, akakaa, bunduki katikati ya magoti.

"Endelea," alisema. "Mimi nasikia tu."

Niliendelea. Kijiko kilipofika kwake alikishika, akakipima, akasema neno lake kama wengine, kwa sauti ya chini kuliko wote. Alirudi mara mbili wiki zile. Mara ya mwisho aliniuliza wanasemaje "mama". Nilipomwambia, alisema ni karibu sawa na kwao, akatikisa kichwa, akatoka. Walimhamisha. Hatukuwahi kujua jina lake.

Miaka iliyofuata ilipita kama mchana mmoja mrefu, wingu likishuka na kupanda. Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, Ithungu aliniomba nifundishe somo moja la kuaga. Kikapu nilikuwa nimeshamkabidhi, kwa hiyo nilisimama mikono mitupu nikawauliza wanawake wachague wenyewe neno. Masika, mkulima wa Karambi, aliinua mkono. Alikuwa amesoma kwangu misimu mitatu na hakuwahi kuuliza kitu.

"Mwalimu, mimi nataka ile ya kukataa."

"Kukataa nini, Masika?"

"Kukataa tu. Mwaka jana karani wa ofisi moja aliniuliza mambo mengi kwa Kiingereza. Mimi nikasema yes. Akauliza tena, nikasema yes. Akaandika, nikaweka kidole. Mpaka leo sijui nilikubali nini."

Hakuna aliyecheka. Nilipowatazama, niliona wengine wanatazama chini, na nikaelewa kwamba Masika hakuwa peke yake. Nilirudi nyuma akilini, mwaka kwa mwaka. Nilikuwa nimewafundisha yes, please, thank you na sorry. Lile neno jingine walikuwa wamelisikia, na mimi mwenyewe nilikuwa nalijua tangu jikoni kwa mhandisi, ila katika miaka yote sikuwahi kulifanya somo. Nilidhani ni neno ambalo halihitaji mwalimu.

Nikaenda nikakaa kwenye mkeka, ubavuni mwa Masika, nikatazama mbele pamoja naye.

"No," nilisema.

Walilisema kwanza chini chini, kama watu wanaoonja dawa. Nikawaambia sauti. Wakalisema tena. Nikamwomba Ithungu awe karani, asimame mbele na kuuliza maswali, na mmoja mmoja wakamjibu, wengine wakiangalia miguu yao, wengine wakimtazama machoni. Masika alikuwa wa mwisho. Aliinuka kabisa. "No, sir," alimwambia Ithungu, na Ithungu, ambaye ni msichana wa miaka ishirini na miwili, akarudi nyuma hatua moja.

Saa kumi niliwaaga mlangoni. Hawakunikumbatia sana, walikuwa na haraka. Walishuka kwa kundi kuelekea Karambi, majembe mabegani, wakiambiana lile neno, mmoja akiuliza, wenzake wakimkatalia. Wingu lilikuwa limefika njiani. Kwanza lilizifunika nyuso, kisha vitambaa vya kichwani, mwisho miguu. Baada ya hapo sikuona mtu, ila niliendelea kuwasikia kwa muda mrefu.